Maombi Yamekwama: Chanzo ni Nini, na Uanzie Wapi

Mkristo wa Moshi akisema "nimepoa kiroho," ushauri anaopewa huwa ni uleule: funga siku tatu, njoo mkesha wa Ijumaa, omba kwa bidii zaidi. Wapo wanaosaidika. Wengi hurudi palepale baada ya wiki mbili, safari hii uchovu ukiwa umeongezewa aibu, kwa sababu walichopewa hakikuhusiana na kilichokuwa kinawasumbua. Mtu anayesinzia kwenye maombi kwa kuwa analala masaa manne kwa usiku hahitaji mkesha. Na aliyegombana na kaka yake hatafunguliwa na mfungo ikiwa bado hajamfuata kaka yake.

Kwa miaka niliyohudumu kama mzee wa kanisa nimekaa na watu wengi wenye shida hii: wafanyabiashara wa soko la Mbuyuni, wauguzi, wanafunzi wa chuo, baba wa watu wanaoona haya hata kuitaja. Mara nyingi imani yao ni nzima. Kilichoharibika ni kitu kimoja mahali pamoja, na ukikitafuta kwa utulivu utakiona. Kwa hiyo kabla hujaongeza bidii, jiulize kwanza. Hali hii ilianza lini? Wakati huo nini kilibadilika nyumbani, kazini au mwilini? Unashindwa kila siku, au siku fulani tu? Unashindwa ukiwa peke yako, au hata ukiwa na wenzako? Andika majibu kwenye karatasi, kisha utafute hapa chini dalili inayofanana na yako.

"Naanza Jumatatu kwa nguvu, Ijumaa nimeshaacha"

Hii ndiyo dalili ninayoisikia kuliko zote, na chanzo chake kikubwa ni mpango uliopangwa siku nzuri. Mtu ametoka ibadani Jumapili, mahubiri yamemgusa, anaamua kuanzia kesho ataamka saa kumi alfajiri aombe saa nzima. Jumatatu anaweza. Jumanne mtoto ana homa. Jumatano mvua imenyesha usiku kucha na barabara ya kwenda stendi haipitiki, lazima awahi kuondoka. Alhamisi anaona ameshaharibu, basi.

Tiba ni kupunguza, na kuufunga muda huo kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, naye alikuwa mtumishi wa serikali mwenye kazi nyingi. Wakatoliki wana sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, mchana na jioni, na inamalizika kwa dakika chache. Katekisimu ndogo ya mwaka 1529, ambayo Walutheri tulifundishwa kipaimara kwayo, ina sala fupi ya kuamka na sala fupi ya kulala, kisha inamwambia mtu aende kazini kwake kwa furaha. Mambo hayo yalipangwa kwa ajili ya watu wenye kazi. Tatizo letu ni kwamba tunajipimia kwa ratiba ya mhubiri ambaye kuomba ndiko kazi yake ya kutwa.

Namfahamu mama mmoja anayeuza ndizi soko la Kiboriloni. Saa kumi na moja kasoro yuko njiani, beseni kichwani, kuwahi Hiace ya kwanza. Hana chumba cha ndani wala meza ya kuwekea Biblia. Anaombea njiani. Kila geti analolipita analitaja mbele za Mungu: hapa kuna mgonjwa wa sukari, hapa binti amemaliza kidato cha nne na yupo tu, hapa hawasalimiani. Akifika barabara kuu anamalizia na Baba Yetu, basi. Ni kama dakika kumi. Majirani zake hawajui kwamba wanaombewa kila asubuhi, na yeye hajawahi kuniambia kwamba amepoa.

Kuna wenye kazi za zamu, na hao hawawezi kushika saa moja ya ukutani. Muuguzi anayeingia usiku wiki hii na mchana wiki ijayo asiahidi "saa kumi na moja." Aahidi "kabla sijavaa sare" au "nikishakabidhi zamu." Mpagazi na mwongoza wageni anahitaji mipango miwili kabisa. Njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro ni siku sita au saba, hema moja lina watu kadhaa, na upweke haupo. Akiwa nyumbani asome na kuomba kwa nafasi. Akiwa mlimani awe na zaburi moja aliyoishika kwa moyo, aiseme akiwa ndani ya begi la kulalia. Zaburi ya 121 ni fupi na inatosha. Asipofanya hivyo, kila msimu wa wageni utamkuta akianza upya.

Na Desemba! Ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko, nyumba imejaa, wengine wanalala sebuleni, jikoni moto hauzimiki. Usishangae maombi yakilegea wakati huo. Tafuta kona nje, nenda migombani asubuhi kabla wageni hawajaamka, au ombeni pamoja kabla ya chakula cha jioni.

Siku ikikupita, usijilimbikizie deni. Wazee wetu huku mlimani waligawana maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, kwa zamu: zamu yako ikifika, hata iwe usiku wa manane, unachukua jembe unakwenda kuyaelekeza shambani kwako. Ikikupita imepita, unaingojea inayofuata, hupigani na mwenye zamu ya sasa. Umekosa asubuhi? Omba jioni kama ilivyopangwa, bila kuongeza nusu saa ya adhabu. Kinachowatoa watu kwenye maombi ni lile deni, wala si siku moja iliyokosekana.

"Nikipiga magoti nasinzia"

Angalia usingizi kabla ya kuangalia shetani. Eliya alipochoka kiasi cha kuomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamwamsha akampa mkate na maji, akalala tena, akala tena. Sauti ya utulivu ilikuja baadaye, huko Horebu.

Kama unalala saa sita usiku kwa sababu ya simu, dawa iko hapo, na unaijua. Kama una mtoto mchanga, omba kwa sentensi mojamoja unaponyonyesha, na usiwe na wasiwasi. Miezi hii itapita. Juni na Julai, baridi ya huku ikishika, usiombe ukiwa ndani ya blanketi. Simama, tembea chumbani, omba kwa sauti. Kupiga magoti ni heshima nzuri, lakini Biblia inao pia waliosimama, waliolala kifudifudi na waliotembea.

"Mawazo yanakimbia"

Chanzo cha kwanza ni simu, hasa kama Biblia yako iko humo humo. Unafungua Zaburi, unashuka ujumbe wa kikundi cha harusi: michango bado. Umeondoka. Nunua Biblia ya karatasi, simu iache chumba kingine. Nimeona watu waliohangaika miaka wakipona kwa hili peke yake.

Chanzo cha pili ni mzigo halisi. Unaanza "Baba yetu uliye mbinguni," akili inakwenda kwenye ada ya muhula. Unairudisha, inakwenda tena. Usipigane nayo. Ada hiyo ndiyo ombi lenyewe, basi mwambie Mungu: ni kiasi gani, tarehe ya mwisho ni lini, unaogopa nini. Mambo ya kukumbuka tu, kama kununua gesi au kumpigia fundi, yaandike kwenye kijikaratasi pembeni uendelee.

Mawazo yakizidi, rudi kwenye sentensi moja. Yohane Kasiano, aliyeishi na wamonaki wa jangwa la Misri mwishoni mwa karne ya 4, aliandika kwamba waliitumia Zaburi ya 70 mstari wa kwanza, ule wa kumlilia Mungu asaidie hima, katika kila hali: wakijaribiwa, wakiwa na njaa, wakisinzia, wakifurahi. Kama wale waliokwenda jangwani kwa ajili ya kuomba walihitaji sentensi ya kushikilia, wewe unayeishi mtaa wa Majengo karibu na baa usijilaumu.

"Nasema maneno yaleyale kila siku"

Asante kwa siku ya leo, utulinde, utubariki, uwaponye wagonjwa, amina. Kwanza niseme kwamba kurudia maneno si kosa. Mathayo 26:44 inasema Yesu pale Gethsemane aliomba mara ya tatu akisema maneno yale yale. Anayesali Rozari au anayefuata liturujia asikubali kuambiwa kwamba hana maombi.

Shida inakuwepo pale ambapo maneno yanatoka na hakuna kinachoingia. Mtu haongei na yeyote, hasomi, hasikilizi. Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, aliyekuwa amemwomba amfundishe kuomba. Alimweleza njia anayoitumia mwenyewe: chukua kipande kimoja cha Maandiko, amri au ombi la Baba Yetu, ukipitie mara nne. Kinanifundisha nini? Kinanipa sababu gani ya kushukuru? Kinanionyesha dhambi gani? Kinanifanya niombe nini?

Tuchukue "Utupe leo riziki yetu." Fundisho: ni leo, na ni yetu, wala haikusemwa "yangu." Shukrani: jana tulikula kiburu, ndizi zetu na maharage, na mahindi ya shambani yalifika hadi Machi. Toba: nimemcheleweshea dada wa kazi mshahara wake huku mimi nikinunua nisichokihitaji. Ombi: nipe ujasiri wa kumlipa leo, na utufungulie riziki ya mwezi huu. Hapo umeshaomba, wala hukutafuta maneno. Luther alimwonya kinyozi jambo moja ambalo nalipenda sana: ikitokea katikati ya hayo Roho Mtakatifu akaanza kukuhubiria moyoni, acha yale mengine, nyamaza, usikilize. Njia ipo ili ikufikishe hapo. Usilazimike kumaliza zote nne.

"Kuna ukuta. Nikianza kuomba, nazuiwa"

Huu ndio uchungu ambao watu huuleta kwa sauti ya chini, na mara nyingi wameshazunguka kwa watumishi kadhaa wakiombewa vifungo vya ukoo. Sikatai kwamba vita vya kiroho vipo. Ila huku kwetu swali ninalouliza kwanza ni hili: mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ukoje?

Anayefahamu maisha ya Wachagga anaelewa kwa nini nauliza. Kihamba ndiyo nyumbani, ndiko walikozikwa baba na babu, na kinagawanywa kizazi hata kizazi mpaka kipande kinakuwa kidogo kama kitambaa. Baba anafariki bila kusema vizuri nani achukue wapi. Mmoja yuko Arusha, mmoja amebaki na mama, mmoja anahisi amepunjwa. Inakwenda baraza la ukoo, inakwenda baraza la kata, mwishowe ndugu wanapishana mlangoni pa kanisa bila salamu. Halafu mmojawao ananiambia hawezi kuomba.

Bwana Yesu alilisema wazi katika Mathayo 5: ukiwa unaleta sadaka madhabahuni na ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, uende upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi. Tazama vizuri: ni yeye aliye na neno juu yako. Hakusema usubiri mpaka wewe ndiwe uliyekosea. Na Petro anawaambia waume wakae na wake zao kwa akili na heshima, ili kuomba kwao kusizuiliwe. Kizuizi kinachotajwa hapo ni namna mtu anavyomtendea mwenzake ndani ya nyumba.

Kwenye mpaka huohuo mnaogombania yamepandwa masale. Wachagga wameyatumia tangu zamani kuonyesha mwisho wa shamba la mtu, na ni jani la mmea huohuo ambalo mtu hulibeba akienda kuomba msamaha. Ukifika na isale mkononi, aliyekosewa anajua umekuja kwa nini kabla hujafungua mdomo, na ni vigumu sana kwake kukufukuza. Mila hiyo haipingani na Injili hata chembe. Nimeshuhudia ndugu wawili, watu wazima wenye wajukuu, wakikaa chini ya mti wa parachichi na jani moja la isale limelazwa kwenye kiti kati yao. Hawakuongea kwa muda mrefu. Mkubwa alilichukua, akalikunja vizuri, akaliweka mfuko wa shati. Mpaka haukusogea siku ile, kesi ya ardhi iliendelea kushughulikiwa na wanaohusika. Lakini Jumapili iliyofuata yule mdogo aliomba kwa sauti kwenye jumuiya, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba wa baba yao.

Kwa hiyo ukiona ukuta, taja majina. Ni nani ambaye ukimwona stendi unabadilisha njia? Anzia hapo. Ikiwa aliyekukosea ni mtu aliyekupiga au kukudhulumu mwili, usiende peke yako, na kusamehe hakukulazimishi kurudi kuishi naye. Mshirikishe mchungaji au paroko, na vyombo vya sheria viwe na nafasi yao.

Kuna pia dhambi ambayo unaijua na huitaki kuiacha. Hiyo haina utatuzi mrefu. Itubu kwa jina lake, mwambie mtu mmoja unayemwamini. Wakatoliki wanayo kitubio. Nasi Walutheri ungamo la faragha limo katika katekisimu, ingawa wengi tumelisahau, na ni hasara yetu.

"Sijisikii kitu"

Umefanya yote, hakuna ugomvi, umelala vizuri, unasoma, na bado ni kukavu. Hapa kosa kubwa ni kudhani Mungu ameondoka kwa sababu joto limeondoka. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na inamalizikia gizani, bila mstari wa faraja mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia, ikasaliwe. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliyefariki mwaka 1556, aliweka kanuni ambayo imewatunza wengi: wakati wa ukavu usibadilishe uamuzi ulioufanya wakati wa utulivu. Usihame kanisa, usiache ratiba, usivunje ahadi. Yeye alishauri hata kuongeza kidogo juu ya muda uliojipangia badala ya kuupunguza.

Tofautisha ukavu na ugonjwa, tafadhali. Anayepitia ukavu wa maombi bado anacheka na wanawe, anakula, anafanya kazi zake. Lakini ikiwa kwa wiki mbili au zaidi huna hamu ya kitu chochote, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakipiti, unajiona huna thamani, nenda hospitali ukamwone daktari. Sonona ni ugonjwa na inatibika. Na ikiwa mawazo ya kujiua yanakuja, mwambie mtu leo hii, usikae peke yako. Kwenda hospitali hakupunguzi imani ya mtu, kama vile anayemeza dawa za malaria haonekani kuwa amemkana Mungu.

"Nimeomba miaka, sijajibiwa"

Sitajifanya kuwa nina jibu la kumpa mama aliyemwombea mwanawe na mwana akafa. Ninachoweza kusema ni kwamba Biblia haimnyamazishi. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" ni Zaburi ya 13, na aliyesema hivyo alikuwa anaomba. Kama una hasira, ipeleke huko. Wengi wanaacha kuomba kwa sababu wanadhani wanatakiwa kuongea na Mungu kwa adabu ya wageni, na walichonacho moyoni hakina adabu, basi wananyamaza.

Paulo aliomba mara tatu mwiba utolewe, akaambiwa neema yatosha. Yule mjane wa Luka 18 aling'ang'ania mpaka hakimu akachoka. Yote mawili yameandikwa, na hakuna awezaye kukuambia kwa hakika wewe uko kwenye lipi. Atakayekuambia kwamba jibu limechelewa kwa sababu hujatoa sadaka ya kiasi fulani, au hujanunua maji na mafuta yake, ondoka hapo. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimewaona wajane wakiuza mbuzi.

"Jumuiyani naomba vizuri, peke yangu siwezi"

Mara nyingi hapa hakuna ugonjwa. Umejifunza kuomba kwa kusikia wengine, na hiyo ni neema. Chukua ombi moja lililotajwa jumuiyani, nenda nalo nyumbani, liombee peke yako mpaka mkutane tena. Likizoea, chukua mawili. Kinyume chake pia kipo: anayeomba vizuri faraghani na hajiungi na wenzake. Huyo namshauri aende jumuiyani hata kama atakaa kimya, kwa kuwa siku akiishiwa atahitaji wa kumbeba.

Ukishajaribu na bado

Tafuta mtu. Mchungaji, paroko, mwinjilisti, katekista, mama mzee wa mtaani ambaye unajua anaomba. Usimvizie mchungaji Jumapili baada ya ibada; wakati huo anashikana mikono na mamia ya watu, na nje mnada wa ndizi, mayai na kuku wa sadaka umeshaanza. Nenda siku ya katikati ya wiki, ofisini, ukiwa na ile karatasi uliyoandika: lilianza lini, siku zipi, nini kilibadilika. Mwambie dalili yenyewe badala ya kusema tu "niombee." Akianza kukuombea kabla hajakuuliza chochote, mshukuru, kaa, kisha mwoneshe karatasi.